Majina ya anatomia yanakukwama mdomoni? Tafuta chanzo kwanza

Hii nawaandikia wanafunzi wa uuguzi, klinikali medisini, maabara na wengine wote mnaosoma afya huku kusini, uwe Mtwara mjini, Masasi, Ndanda, Nyangao au Lindi, maana tatizo ni lile lile kila mwaka. Mtu anaijua anatomia yake vizuri kabisa, mpe karatasi anakuchorea brachial plexus na matawi yake yote, afu mwambie apresenti kesi wodini mbele ya daktari uone, anaanza kumumunya maneno, anasema "huu mshipa wa hapa" huku ananyoosha kidole, na yule daktari anaondoka akijua huyu hajasoma. Kasoma sana tu. Hilo neno hajawahi kulisikia likitamkwa, kalisoma kwa macho kwenye notsi, ndo maana.

Na ushauri anaopewa siku zote ni mmoja, "sikiliza sana Kiingereza", ambao ni sawa na kumpa mseto wa malaria kila mwenye homa bila kumpima. Makosa ya matamshi yana vyanzo vyake na wala sio vingi, ukikijua chanzo chako unanyoosha maneno hamsini kwa mkupuo badala ya kukariri moja moja. Kingine nakiweka wazi mapema kabisa: lafudhi ya Kimakonde, Kimwera au Kiyao sio ugonjwa na hapa hatuitibu. Tunachotafuta ni neno kueleweka na kutochanganywa na neno lingine.

Jinsi ya kusoma matamshi yangu: soma herufi kama Kiswahili cha kawaida, silabi yenye herufi kubwa ndo ina mkazo, yaani hapo sauti inapanda na inavutwa kidogo. Th ni ile ya thamani.

DALILI: Kila herufi umeitamka ila mtu bado anakuuliza "unasemaje?"

Hii ndo kubwa kuliko zote na ndo watu hawaishtukii, wao wanadhani tatizo ni herufi. Chanzo ni mkazo. Kiswahili mkazo wake unakaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, ko-RO-sho, hospi-TA-li, Mtamba-SWA-la, wala hatufikirii, mdomo unaenda wenyewe. Sasa ukikutana na neno la Kiingereza mdomo unafanya vile vile, unasema ab-DO-men, hu-ME-rus, u-TE-rus, ska-PU-la, fi-BU-la, re-TI-na, pan-KRE-as, ar-TE-ri. Mzungumzaji wa Kiingereza analitambua neno kwa mkazo kabla hata hajazipanga herufi, ukiuweka pengine anapotea kabisa hata kama herufi zote umezitaja.

Hayo yote yanabebwa na silabi ya tatu kutoka mwisho: AB-do-men, HYU-me-ras, YU-te-ras, SKA-pyu-la, FI-byu-la, RE-ti-na, PAN-kri-as, AA-ta-ri. Ongeza na KLA-vi-kol, MAN-di-bol, VEN-tri-kol, VER-ti-bra. Oesophagus ni i-SO-fa-gas, ina silabi nne na bado mkazo uko ya tatu kutoka mwisho.

Kuna namna ya kukisia na inafanya kazi mara nyingi kwasababu majina haya yana mizizi ya Kilatini na Kigiriki, na Kilatini kilikuwa na sheria yake ya mkazo. Angalia irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Ikifuatiwa na konsonanti mbili, mkazo unakaa hapo hapo: pa-TE-la kwasababu patella ina l mbili, vile vile mak-SI-la, me-DA-la, se-re-BE-lam, na aorta ni ei-O-ta kwasababu ya r na t. Hapa uzoefu wako wa Kiswahili unakusaidia, mdomo unaenda palepale. Ikifuatiwa na konsonanti moja tu, basi kisia mkazo umerudi nyuma silabi moja, kama scapula na fibula. Sheria hii inavunjika hapa na pale, mfano carotid ni ka-RO-tid na peritoneum ni pe-ri-to-NI-am, ila ukikutana na neno jipya usiku unasoma na bando limekata, kisia hivo kwanza afu kesho uhakikishe.

Dawa yake: usianze na herufi. Gonga mezani. AB-do-men, gonga kwa nguvu kwenye AB, kidogo kwenye zilizobaki. Fanya na maneno ya wiki hiyo tu, ya mada mnayosoma, usijaze mia. Na zile silabi zisizo na mkazo zififishe, huo ndo ugumu wenyewe kwetu maana sisi tunaitamka kila irabu kikamilifu, Kiingereza kinazimeza. Mwisho wa humerus sio "rus" iliyokolea, ni "ras" hafifu inayopita haraka.

DALILI: Neno unaliweza, ndugu yake linakushinda

Unasema THO-raks safi kabisa, ukifika thoracic unasema THO-ra-sik na watu wanakuangalia. Chanzo ni kwamba kwa Kiingereza mkia ukibadilika mkazo unahama. Mkia wa -ic unauvuta mkazo ukae silabi moja kabla yake: tho-RA-sik, pan-kri-A-tik, he-PA-tik, ni wa kuaminika sana huo. Mkia wa -itis unabeba mkazo wenyewe kwenye AI: a-pen-di-SAI-tis, wakati appendix ni a-PEN-diks. Upasuaji wa -ectomy ni EK-to-mi kila siku, -oscopy ni OS-ko-pi, -ology ni O-lo-ji. AB-do-men inakuwa ab-DO-mi-nal, artery inakuwa aa-TIA-ri-al, oesophagus inakuwa i-so-fa-JI-al.

Kwahiyo usijifunze neno peke yake, lijifunze na ukoo wake. Kwenye daftari andika thorax na thoracic mstari mmoja, pigia mstari chini ya silabi yenye mkazo, soma zote mbili kwa sauti. Ukishaiona mikia minne mitano hivi inavyofanya, patholojia na upasuaji vinakuwa rahisi kusema kuliko anatomia yenyewe.

DALILI: Unatamka kama lilivyoandikwa

Kiswahili tunasoma tunachokiona na ndo raha yake. Kiingereza cha anatomia kinataka ujue asili ya neno.

Ch kwenye majina yenye asili ya Kigiriki ni K. Trachea, bronchus ambayo ni BRONG-kas, brachial ambayo ni BREI-ki-al, cochlea KOK-li-a, trochanter tro-KAN-ta, arachnoid a-RAK-noid, ischium IS-ki-am, hypochondrium hai-po-KON-dri-am. Hata stomach ya kila siku ni STA-mak. Ch ya "chai" imebaki kwenye maneno ya Kiingereza ya nyumbani kama chest, chin, cheek, na kwenye arch pia.

C ikifuatiwa na e, i, y au ile ae ya Kilatini ni S, kwingine ni K, na coccyx inakuonyesha zote mbili kwenye neno moja: KOK-siks. Caecum ni SI-kam. G nayo mbele ya e, i, y inakuwa J: me-NIN-jiz, fa-LAN-jiz, va-JAI-na. Hapa kuna jambo nimeliona kwa waliolelewa karibu na misheni na wameimba Kilatini kwaya tangu wadogo, wanasema "cherebrum" na "cherviks", maana Kilatini cha kanisani c ya namna hiyo ni ch. Kanisani mko sahihi kabisa. Wodini mnatumia Kilatini kilichopita midomoni mwa Waingereza, ni S: SE-re-bram, wengine wanasema se-RI-bram na ni sawa pia, na SER-viks.

Sc inasumbua peke yake. Scapula ni sk, viscera ni VI-se-ra, fascia ni FA-sha. Fascia na facial msizichanganye, ya pili ni FEI-shal, ni ya uso.

X mwanzoni ni Z: xiphoid ni ZI-foid au ZAI-foid. U mwanzoni mwa neno, au baada ya p, b, v, m, h, mara nyingi ni "yu" kama silabi yake inaishia hapo: MYU-kas, PYU-bis, HYU-me-ras. Ila ulna ni AL-na.

Halafu herufi za kimya. P imekufa kwenye psoas, SO-as, na pterygoid, TE-ri-goid, na pneumothorax. K kwenye knee na knuckle, w kwenye wrist, b kwenye limb, thumb na womb, l kwenye calf na palm. Gastrocnemius msiionee, ile c haijafa, gas-trok-NI-mi-as. Na kuna zinazozimia tu afu zinaamka: diaphragm ni DAI-a-fram bila g, ila diaphragmatic ni dai-a-frag-MA-tik na g imerudi. Muscle ni MA-sol, muscular ni MAS-kyu-la. Ndo faida ya kujifunza kwa ukoo niliyosema juu.

DALILI: Unalijua neno linavyotakiwa ila mdomo unatoa sauti nyingine

Hapa ndo watu wa kwetu wanachekwa sana na inaniuma, kwasababu wanaocheka hawasaidii na anayechekwa anaacha kuuliza maswali mpaka anamaliza chuo. Hebu tuliangalie kwa utulivu.

Ya kwanza ni th. Anayesema "selasini" badala ya thelathini na "samani" badala ya thamani atasema pia "soraks", "sairoid" na "yurisra". Chanzo sio Kiingereza hata kidogo, sauti hiyo ipo kwenye Kiswahili na ameiacha huko huko. Na kama umepita madrasa, jamani, unayo tayari! Ile thaa ambayo ustadhi alikurudisha mara kumi mpaka ncha ya ulimi ikagusa ncha za meno ya juu, ndo hiyo hiyo ya thorax, thigh, thyroid na urethra. Ile dhaal yake ndo ya kitenzi breathe. Makhraj, yaani mahali sauti inapotokea mdomoni, hazibadiliki kwasababu umevaa koti jeupe. Anza na thelathini, thamani, methali, ukishaisikia ulimi uko wapi ruka moja kwa moja kwenye THAI-roid bila kupumzika katikati. Ambaye hajapita madrasa asimame mbele ya kioo, ncha ya ulimi lazima aione kidogo katikati ya meno, asipoiona anatoa s.

Ya pili ni L na R. Lugha zetu nyingi za huku hazizitenganishi hizi sauti mbili, kwahiyo sikio lenyewe halijazoea kuona tofauti, na sikio lisiposikia mdomo hautatoa. Ndo maana liver inakuwa "riva" na renal inakuwa "lino". Usianze na maneno ya anatomia. Anza na Kiswahili: kula na kura, mahali na mahari. Mwambie mwenzako akusomee moja bila kukuonyesha, wewe useme ni ipi. Ukishasikia bila kukosea ndo utamke. L ulimi unagandamiza nyuma ya meno ya juu na unatulia pale. R unapiga mara moja na kuondoka. R yetu ya kupiga sio kama ya Waingereza na wala haina shida, kila mtu anaielewa, iacheni kama ilivyo. Ukishamaliza hapo ingia kwenye yanayochanganya zote: PLUA-ra, LA-rinks, se-re-BE-lam, VEN-tri-kol. Larynx kwa taarifa yenu hata wenye lugha yao wanaiharibu, wanasema "larniks", mpangilio ni ri halafu nks, na FA-rinks vile vile.

Ya tatu ni urefu wa irabu. Kiswahili i ni moja, Kiingereza kuna fupi na ndefu: hip na heap, shin na sheen, hill na heel. Heel ya kisigino ivute, hiil, na shin ya ugoko ikate haraka. Heart ni HAAT mdomo wazi, ukisema "hat" umesema kofia, ukisema "hert" umesema kuumia. Bowel ni BAU-el, bakuli ni kitu kingine.

DALILI: Neno linarefuka mwishoni

Sitenamu, pelvisi, skalu, yaani sternum, pelvis na skull. Chanzo ni silabi za Kiswahili, tumezoea ziishie na irabu kwahiyo tunaongeza moja mwishoni na wakati mwingine moja katikati. Peke yake ingekuwa lafudhi tu na ningeiacha. Tatizo ni kwamba ukiongeza silabi mkazo wa Kiswahili unasogea kufuata: PEL-vis inakuwa pel-VI-si, STER-nam inakuwa ste-NA-mu, na hapo tumerudi kwenye ugonjwa wa kwanza. Dawa ni fupi, funga. Neno likiishia na m, bana midomo na ubaki umebana mpaka uhesabu moja. Likiishia s, acha hewa ipite tu bila sauti ya koo.

DALILI: Umoja unao, wingi unabahatisha

Hii haraka haraka. Mwisho wa -ae ni I: VER-ti-bri, wengine brei. Mwisho wa -i ni AI: BRONG-kai, NYU-kli-ai. Mwisho wa -es kwenye majina ya Kilatini ni IZ ndefu: TES-tiz, fa-LAN-jiz. Foramen ni fo-REI-men, zikiwa nyingi fo-RA-mi-na. Na biceps hata ikiwa moja ina s, hakuna "bicep" kwenye kitabu cha anatomia.

DALILI: Walimu wawili, matamshi mawili

Mkufunzi mmoja kasema tra-KI-a, video uliyopakua inasema TREI-ki-a, na hosteli nzima mnabishana mpaka saa sita usiku. Chanzo ni Uingereza na Marekani. Ya kwanza ni ya Waingereza, ya pili ya Wamarekani, zote sahihi. Capillary ni ka-PI-la-ri Uingereza, KA-pi-le-ri Marekani. Skeletal ni SKE-li-tal, Waingereza wengine ske-LI-tal. Cervical ni SER-vi-kal na Uingereza utasikia pia ser-VAI-kal. Duodenum iwe dyu-o-DI-nam au du-O-de-nam, umbilicus iwe am-BI-li-kas au am-bi-LAI-kas, hakuna wa kukupunguzia maksi kwa haki. Oesophagus na esophagus ni tahajia tu, ile oe inasomwa I. Chagua upande mmoja ukae nao, mie nashauri wa Uingereza kwasababu wakufunzi wengi hapa ndo wameuzoea, afu usimsahihishe mwenzako aliye upande mwingine.

Kuhakikisha, tumia kamusi zenye sauti ya mtu. Cambridge mtandaoni wanakupa sauti ya Uingereza na ya Marekani, Merriam-Webster wana ya Marekani na wana kamusi ya tiba pia, na faili la sauti ni dogo halili bando. Zile video za "jinsi ya kutamka" zenye sauti ya roboti muwe nazo makini, nyingine zinakosea mkazo waziwazi. Jaribio lingine zuri ni simu yako yenyewe, weka kibodi Kiingereza, bonyeza kile kimaiki, sema neno moja tu na uone simu imeandika nini. Ikiandika neno lako mara kadhaa mfululizo uko vizuri. Ikiandika kitu kingine, angalia imeandika nini, inakuonyesha sauti gani imeenda kombo.

DALILI: Chumbani unaweza, wodini ulimi unafunga

Chanzo hapa sio matamshi tena. Umelifanyia mazoezi neno likiwa peke yake, na wodini linakuja ndani ya sentensi, mgonjwa anakuangalia, daktari anaangalia saa. Acha mazoezi ya orodha, fanya ya sentensi nzima unayoenda kuisema. Tenderness in the right iliac fossa. Iseme ukiwa unatembea kutoka hosteli, iseme kwenye daladala ya Mikindani kimoyomoyo na midomo ikitembea, mpaka I-li-ak FO-sa itoke bila kuitafuta. Na mtafute mwenzako mmoja mnayeaminiana, mpeane ruhusa kabisa ya kusahihishana, ila pembeni kwenye korido, kamwe sio mbele ya kitanda cha mgonjwa. Wakufunzi nao nawaomba, mwanafunzi akikosea mrudishie neno sahihi ndani ya swali lako linalofuata, mfano "sawa, na hiyo ureter (yu-RI-ta) iko upande gani?", atalisikia, atalishika, na heshima yake itabaki.

DALILI: Umetamka, wenzako wameandika kitu kingine kwenye faili

Hii ndo yenye hatari na ndo sababu nzima ya kuhangaika na mengine yote hapo juu. Kuna maneno yamekaribiana mpaka kosa dogo la ulimi linahamisha ugonjwa kwenye kiungo kingine. Ureter ni yu-RI-ta, mrija kutoka figo kwenda kibofu. Urethra ni yu-RI-thra, njia ya mkojo kutoka kibofu kwenda nje. Asiye na th anazisogeza karibu mno, kwahiyo hapa th sio urembo. Prostate ni PROS-teit, ukiingiza r ya pili, prostrate, umesema mtu kalala kifudifudi. Uvula ni YU-vyu-la ya kooni, vulva ni VAL-va. Malleus ni MA-li-as, kimfupa cha sikio, na malleolus ni ma-LI-o-las ya kifundo cha mguu. Dysphagia ni dis-FEI-jia, shida ya kumeza, dysphasia ni dis-FEI-zia, shida ya lugha, na ukiona z na j zinakusumbua sema aphasia kwa ile ya lugha, wengi ndo wanavyofanya. Hypo na hyper kwa lafudhi ya Kiingereza cha hapa ni haipo na haipa, irabu moja tu inatenganisha presha ya kushuka na ya kupanda, kwahiyo malizia na namba za BP kila mara.

Na kuna mengine ambayo hata ukitamka kama umezaliwa London hayatengani. Ileum ya utumbo na ilium ya nyonga zote ni I-li-am, sawasawa kabisa. Peroneal ya mguu na perineal ya msamba zinakaribia kuwa moja, pe-ro-NI-al na pe-ri-NI-al, ndo moja ya sababu siku hizi wanaanatomia wanapendelea fibular kwa ule wa mguu, na Terminologia Anatomica ya 1998, ile orodha ya kimataifa ya majina ya anatomia, imelitanguliza hilo jina. Oral na aural kwa wengi ni sauti moja, mdomo na sikio. Abduction na adduction zinatofautiana kwa b moja inayomezwa, ndo maana madaktari wanasema herufi kwanza, ei-bi-daksheni na ei-di-daksheni.

Kwa haya usipoteze muda kutafuta matamshi bora, badilisha unachosema. Ileum iite "ileum ya utumbo mdogo" au taja herufi, ileum kwa E. Ilium sema iliac bone. Badala ya oral sema kwa mdomo, badala ya aural sema sikio. Na ukiwa zahanati ya kijijini huko Tandahimba au Liwale unapiga simu kutoa rufaa, mtandao unakatika na upepo unavuma kwenye simu, sema neno, sema herufi yake, sema kwa Kiswahili ni kiungo gani na upande gani, kulia au kushoto, afu mwambie wa upande wa pili akurudishie alichokiandika. Akikurudishia tofauti, rudia tena na usione aibu, gari la wagonjwa bado halijaondoka.